Jinsi ya Kumaliza Tokeni za Umeme kwa Heshima: Mwongozo wa Mashine ya Kukata Nyasi

Sharti la kwanza la kukata nyasi kwa umeme ni kuwa na nyasi, na hapo ndipo wengi wetu wa Kongowea, Mombasa, tunapotolewa mashindanoni mapema. Hapa mtaani ukifungua mlango unakanyaga vumbi la matumbawe, halafu ganda la chungwa, halafu mkokoteni wa vitunguu unakukanyaga wewe. Kijani kilichopo ni majani ya kabichi yaliyomwagika sokoni, na hayo hayangoji mashine, yana mbuzi wake. Nyasi zenyewe ziko upande wa pili, Nyali, palipokuwa shamba la mkonge na leo ni viwanja vyenye hatimiliki na ukuta. Kwa ramani ya uchaguzi sote ni eneo bunge moja, tena tuna wadi jirani inayoitwa Ziwa la Ng'ombe, dalili kwamba zamani kazi ya nyasi ilikuwa na wataalamu wake na hawakuwa na mita.

Ila mashine zikiugua huja kwetu. Nyali hukata, Kongowea hutengeneza. Huja kwenye buti la gari, juu ya tuktuk, au zikisukumwa barabarani na kijana wa bustani aliyeambiwa asirudi nayo mpaka iwake. Kwa hiyo mwongozo huu umeandikwa kutoka upande safari ya mashine inakoishia, karibu na meza ya fundi wa mota, juu ya kiti cha plastiki kilichokatika mgongo. Ukikaa hapo muda wa kutosha utaona jinsi watu wenye akili timamu wanavyofaulu kula umeme mwingi na kukata nyasi chache. Si bahati. Kuna mbinu zake, na hizi hapa.

Nunua wati, mashine itakuja yenyewe

Ukiingia dukani usiulize mashine inakata vipi. Uliza ina wati ngapi. Ukiambiwa 1,200 guna, ukiambiwa 1,800 toa simu ulipe. Ile namba ya kwenye boksi ni umeme ambao mashine inakula, si kazi inayofanya, lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba na mgeni hana haja ya kuyajua. Wazungu waliwahi kuugua ugonjwa huu kwenye mashine za kufyonza vumbi. Watengenezaji walishindana kuandika namba kubwa mpaka Umoja wa Ulaya ukaingilia: Septemba 2014 mwisho ukawa wati 1,600, na Septemba 2017 ukashushwa chini ya 900. Mazulia yao hayakufukiwa na vumbi. Sisi huku hatujaingiliwa na mtu, uwanja uko wazi.

Usiogope hesabu. Wati 1,800 kwa saa moja ni uniti 1.8. Ukikata saa nzima kila Jumamosi, mwezi unakwisha umekula uniti 7 na kidogo. Nyumba yenye friza mbili na AC tatu haitasikia hata kuumwa na mbu. Kwetu habari ni nyingine. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani ni ya yule anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa 100. Familia ya Kongowea inayojibana ibaki ndani ya 30 ikipata wazimu ikanunua mashine ya nyasi, karibu robo ya stima yake yote, pamoja na ya feni, taa, redio na simu za watoto, itakwenda kunyoa kiwanja ambacho haina. Mbuzi haingii kwenye mita.

Kama dukani ni ghali, tafuta mtumba. Bandari iko hapo chini, na kila kontena lina maajabu yake. Mashine iliyotoka Uingereza, eksi yukei kama tunavyoziita, haina ugomvi na sisi: volti ni zile zile, hertsi 50, na plagi yake ya pini tatu nene inaingia ukutani kana kwamba imezaliwa Mkomani. Anayetaka msisimko achague ya Marekani, iliyozoea volti 120, aichomeke moja kwa moja kwenye 240. Majibu hayachelewi. Fundi atayasikia kwa pua kabla tuktuk haijasimama.

Waya

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea kimya kimya, kwa hiyo tuende polepole.

Bustani ni ndefu na soketi iko jikoni. Nunua ekstensheni ya mita 50, tena ile nyembamba kuliko zote, ya milimita 0.75 za mraba, maana ni nyepesi kubeba na kijana wa bustani atakushukuru. Umeme unakwenda mita 50 na kurudi mita 50, na njia yote hiyo shaba inautoza ushuru. Mashine ya wati 1,500 inavuta kama ampia 6 hivi. Kwenye waya huo volti 14 zitaachwa njiani, na karibu wati 90 zitageuka joto. Wati 90 ni balbu kumi za LED za wati 9. Umewasha nyumba nzima mchana kweupe, isipokuwa mwanga umelala chini ya mwembe ukipasha nyasi joto. Waya wa milimita 2.5 ungepunguza hasara hiyo hadi wati 27, lakini ni mzito, ni ghali, na haukunjiki vizuri kwenye picha.

Ziada: usiikunjue yote. Acha mita 30 zikiwa zimejizungusha kwenye gurudumu lake, zipashane moto zenyewe kwa zenyewe hadi plastiki ilainike. Ukipata mahali waya umekatwa na kisu cha mashine yenyewe, jambo ambalo hutokea kwa kila familia yenye heshima, pindisha ncha kwa vidole na ufunge kwa mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na sokoni utaitafuta kwa tochi. Kwenye jointi za waya bado ipo.

Kinachofurahisha zaidi ni kwamba hasara haikomei kwenye waya. Mota nyingi za kuchomeka zenye kapasita zina tabia moja ambayo mwenye mashine hahadithiwi dukani: nguvu yake ya kuzungusha hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Shusha volti kutoka 240 hadi 200, yaani sehemu moja ya sita tu, na nguvu inaanguka karibu theluthi. Kisu kinasita kwenye nyasi nene, mota inapunguza mwendo, inavuta ampia zaidi ili ijiokoe, ampia zaidi zinaachia volti zaidi njiani. Ukiongeza kwamba jioni volti zinazofika nyumbani kwako zenyewe zimechoka, utakuwa umejenga kitu cha ajabu: mashine inayokula zaidi kila inavyozidi kushindwa.

Kisu kisiguswe

Mombasa imekaa juu ya matumbawe, na matumbawe hayana adabu. Yanachomoza popote, hata katikati ya nyasi ulizolipia. Hiyo ni fursa. Pitisha mashine juu yake bila kuinua. Kisu cha sentimita 40 kinachozunguka mara 2,850 kwa dakika kina ncha inayokimbia kama mita 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hakuna matatu iliyowahi kupita daraja la Nyali kwa mwendo huo, ingawa zimejaribu. Kokoto ikikutana na mwendo kama huo haibaki ilipo: itatafuta kioo cha gari au mfupa wa muundi wa mtu. Vaa ndala.

Baada ya wiki chache kisu kitakuwa butu, na hapo ndipo mwongozo huu unaanza kulipa. Kisu butu hakikati jani, kinalirarua. Siku ya pili bustani nzima ina ncha nyeupe za nyasi zilizokauka, unaita mtaalamu wa mbolea, naye anakuuzia mbolea. Mota huku inalipa kwa ampia.

Fundi wa Kongowea ana njia ya kuharibu starehe hii, na nitaitaja ili uiepuke. Kwanza huchomoa plagi, akaiweka mfukoni mwake, mwake hasa, siyo juu ya meza ambapo mtu mwema anaweza kuirudisha ukutani. Halafu hufungua boliti moja, akabana kisu kwenye jiriwa, akapitisha tupa upande mmoja tu wa makali, kwa pembe ile ile kiliyotoka nayo kiwandani, mikono miwili, taratibu. Hatumii grainda, maana joto lake likigeuza chuma bluu ugumu wake umekwenda. Kisha hukining'iniza kwenye msumari uliopigwa nguzoni, tundu la katikati kwenye msumari. Upande unaoinama ndio mzito. Anaupitishia tupa tena, ananing'iniza, anaangalia kwa jicho moja, mpaka kilale sawa. Kisu kisicho sawa kinatetemesha, na mtetemo unakula beringi. Kazi hiyo haichukui muda wa kikombe cha kahawa. Kwa mwaka mzima haifiki bei ya beringi mbili.

Kuna pia mashine za silinda, zile ambazo visu vyake hupita juu ya kisu kilichotulia na kukata kama mkasi. Mwingereza Edwin Budding wa Stroud ndiye aliyezipatia hataza mwaka 1830, baada ya kuona mashine ya kiwandani ya kunyoa manyoya ya kitambaa. Za asili husukumwa kwa mikono, hazina plagi, hazina mota, na visu vya aina hiyo ndivyo hadi leo hunyoa viwanja laini vya gofu. Wati sifuri. Mtu akikuletea habari zake mwambie tunazungumza mambo ya kisasa.

Mota, na mahali pa kubana matumizi

Sasa tuseme umefanikiwa na mota imeungua. Harufu yake ni ya vanishi iliyoungua, tamu kidogo, inakaa kwenye shati mpaka Ijumaa. Unaipeleka kusukwa.

Kusuka mota ni kazi ya subira, na nikisema ukweli ni kazi nzuri kuitazama. Fundi anafungua mota na kutoa chuma cha nje kilichobeba koili. Kabla ya kukata chochote anachora kwenye daftari: koili ngapi, zinaruka mashimo mangapi, zinaungana wapi. Kisha anachagua koili moja ambayo haijaungua sana na kuifumua akihesabu mizunguko kwa sauti ya chini. Hapo usimwamkue. Ukimwambia salama alekum akajibu, ataanza upya, na hatakuchukia lakini hatakusahau. Anapima unene wa waya kwa mikromita, anaandika, kisha anazungusha waya mpya kwenye ubao wenye mpini, anaingiza koili mashimoni juu ya karatasi ya kuhami, anafunga kwa uzi, anachovya kwenye vanishi na kuanika.

Mwenye mashine anayetaka hasara ya kudumu ana nafasi tatu za kuingilia hapa.

Ya kwanza ni moto. Koili kuukuu zimegandishwa na vanishi na hazitoki kirahisi. Mhimize fundi aharakishe, naye atatupa chuma kizima kwenye moto mkali. Chuma hicho si kipande kimoja. Ni mabati membamba, aghalabu nusu milimita hivi, yaliyopangwa kama kurasa, na kila bati limepakwa kihami chembamba ili umeme usizunguke bure ndani ya chuma. Moto ukizidi, kihami kinakufa na kurasa zinaungana. Mota itasukwa upya kwa waya mpya kabisa, itawaka, itazunguka, na itakuwa moto hata ikiwa haikati kitu. Hiyo ni hasara ambayo hakuna kipimo cha mtaani kitakachoiona. Utaiona kwenye tokeni.

Ya pili ni bei. Kila mteja humwambia fundi: "Punguza basi." Na fundi, ambaye ana kodi ya kibanda na watoto shuleni, hupunguza. Hupunguza waya. Palipokuwa na waya wa nusu milimita anaweka wa 0.45, tofauti ambayo jicho halioni. Lakini eneo la shaba limeshuka kwa karibu moja ya tano, ukinzani umepanda kwa asilimia 23, na joto kwa ampia zile zile limepanda hivyo hivyo. Ukimkaba zaidi ataweka waya wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba, ambao ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba. Umeokoa mia mbili, na utailipa kila Jumamosi hadi mota iungue tena, ambapo utarudi na kusema punguza.

Ya tatu ni vanishi. Mwambie una haraka, aruke. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu wa kutosha kuchachusha chochote, na koili zisizogandishwa hutetemeka na kusuguana hadi zikachunana ngozi. Wasiotaka kungoja jua liikaushe, kazi hii huwarudisha kabla ya mvua nyingine.

Mota za kaboni, zile zinazopiga kelele na kutoa cheche za bluu, zina starehe yake. Kaboni zikiisha kuna wanaochonga kijiti cha betri kuukuu ya redio na kukisukumiza humo. Inawaka, na pia inachora mfereji kwenye shaba inayoisugua. Na ile ya kapasita ikigoma kuanza, ikawa inanguruma tu, toa kapasita ya feni ya dari uitie humo, ndogo mara kadhaa kuliko inayotakiwa, halafu kianzishe kisu kwa kukisukuma na mguu. Nimeambiwa inafanya kazi. Aliyeniambia alikuwa na viatu vya kufunika.

Kudhibiti mwendo

Kisu cha mashine ya nyasi si kisu tu. Ncha zake zimeinuliwa kidogo kama bawa, ili kivute hewa, kiinue nyasi zisimame kabla ya kukatwa, kisha kizirushe kwenye mfuko. Yaani ni feni yenye makali, na kwenye nyasi nyepesi sehemu kubwa ya umeme wako inapiga upepo. Kanuni ya feni ni kali: kazi ya kupiga hewa hufuata mwendo ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Punguza mwendo kwa asilimia 10 na kazi ya upepo inashuka zaidi ya robo. Punguza kwa asilimia 20 na imeshuka karibu nusu. Mashine yenye akili, basi, ingezunguka polepole kwenye nyasi chache na kukaza mwendo ikifika kwenye kichaka, ambavyo ndivyo anavyofanya kila kijana mwenye slasha bila kupewa warsha na mfadhili.

Mashine za zamani haziwezi. Mota ya kapasita imefungwa pingu na hertsi 50 za gridi: inazunguka chini kidogo ya mara 3,000 kwa dakika, iwe inakata msitu au inapunga hewa juu ya saruji. Hapa wabunifu wetu hujitokeza na rigyuleta ya feni. Waifunge kwenye waya wa mashine, wazungushe kitufe, mwendo upungue. Mwendo kweli hupungua kidogo, kwa sababu volti zimepungua na nguvu imeanguka kama tulivyoona. Mota sasa inateleza nyuma ya mwendo wake, na koili zinachemka. Anayetaka kuishusha mota hiyo mwendo kwa usalama lazima abadili hertsi pamoja na volti, na kifaa cha kufanya hivyo kinaweza kugharimu kuliko mashine. Usimwambie mtu. Rigyuleta zinapatikana kila duka la vifaa vya umeme.

Mota zisizo na kaboni zimeubadili mchezo huu, na hapo hata kejeli inakosa pa kushika. Sumaku ziko kwenye sehemu inayozunguka, koili zimetulia, na badala ya kaboni kusuguana, kuna kontrola: ubao wa transista zinazofungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Vihisio vidogo huiambia kontrola sumaku imefika wapi, nayo inawasha koili inayofuata kwa wakati wake. Nyasi zikinenepa na mwendo ukataka kushuka, kontrola inaona mara moja na kurefusha muda wa kuwasha, zikipungua inafupisha. Kisu kikigonga jiwe inakata umeme kabla mota haijaungua. Mota ya kaboni ya ukubwa huu kwa kawaida hugeuza kuwa kazi kati ya nusu na asilimia 70 ya inachokula. Hizi hupita asilimia 80 bila jasho.

Huku pwani tulijifunza habari za kontrola kwa mlango wa nyuma, kupitia bodaboda. Septemba 2023 Rais Ruto alizindulia hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme, na pikipiki hizo zinaendeshwa na mota za aina hiyo hiyo na kontrola za ukoo huo huo. Vijana wanaozifungua wanajua waya upi ni wa kihisio na upi ni wa koili. Hatua inayofuata, kwa anayefuata mwongozo huu kwa uaminifu, ni kuchukua kontrola ya pikipiki iliyotengenezewa kubeba watu watatu na gunia la viazi, na kuifunga kwenye mashine ya kunyoa bustani bila kupunguza chochote. Simama mbali. Simama Likoni, ikiwezekana.

Betri

Kuhusu betri sina mengi, maana zinajiharibu zenyewe. Boksi linasema volti 40. Ndani kuna seli kumi za volti 3.6, jumla 36, na ile 40 huonekana kwa muda mfupi betri ikiwa imejaa pomoni. Ya ampia-saa 4 ina wati-saa 144, yaani kama sehemu moja ya saba ya uniti, na kwa kiasi hicho mashine nzuri hukata nyasi za wastani kwa nusu saa hivi. Irudie hesabu hiyo ukiwa umekaa karibu na ile ya kuchomeka ya wati 1,800. Siri haiko kwenye betri. Aliyeitengeneza alijua hana umeme wa kutupa, basi akachunga kila kitu: kisu, mota, mwendo.

Ili kusawazisha mambo, iache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kisha ichaji ingali moto. Ikidhoofika, kuna watakaokufungia seli zilizotolewa kwenye laputopu tofauti tatu na kuruka ile bodi ndogo ya ulinzi kwa sababu "ndiyo inayosumbua". Ichaji usiku, karibu na pazia, wakati nyote mmelala. Au usifanye hivyo kabisa. Hili ni moja ambalo hata kwa mzaha silipendi.

Mei

Mvua za masika zikiingia Aprili, sahau bustani mpaka Mei ipite. Nyasi za Pemba, zile za jani pana zinazotambaa na kupenda chumvi na kivuli, hunawiri kiasi kwamba ukilala mchana utazisikia. Ngoja mpaka zifike gotini. Kisha Juni, asubuhi mapema, zikiwa zimelowa umande, shusha mashine hadi kipimo cha chini kabisa na ukate zote kwa mpigo mmoja. Watu wa bustani wanashauri usikate zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja, na usubiri likauke, na uache urefu wa sentimita tano au sita ili lisihitaji kukatwa kila wiki. Hao hawana bosi anayetaka kiwanja cha gofu kufikia saa nne, kwa sababu wageni wanakuja kula biriani.

Nyasi mbichi zitajisokota chini ya mashine na kuganda kama ukoko. Hewa haitapita, kisu kitachuruza uji wa kijani, na mota italia kwa sauti inayosikika hadi Kengeleni. Usisimame kuisafisha. Siku yenye ufanisi bora kabisa wa mashine hizi, ukitazama kumbukumbu, ilikuwa usiku wa Agosti 25, 2023, giza la kukatika umeme lilipofunika sehemu kubwa ya nchi kwa saa nyingi. Hakuna ya kuchomeka iliyopoteza hata wati moja.

Siku ya kwa fundi

Ipeleke ikiwa chafu, na fundi akikuuliza imekuwaje, mwambie jana ilikuwa nzima. Mengine atayaona.

Mzee mmoja, mstaarabu, kanzu imepigwa pasi, alikuja na yake kwenye tuktuk, ekstensheni nyembamba imezungushwa kwenye mpini.

"Salama, fundi."

"Salama, mzee wangu, karibu. Yaumwa nini?"

"Haina nguvu. Nyasi kidogo tu, yalia kisha yanyamaza. Ni mota hiyo."

Fundi aliichomeka kwenye waya wake mwenyewe, mnene kama kidole. Mashine ikanguruma hadi vumbi la jirani likaamka. Akaizima, akapitisha kidole gumba kwenye makali ya kisu, polepole, kisha akamwonyesha mzee kile kidole. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Mota haina neno, mzee. Nguvu iko, ila yaishia njiani. Waya huu ndio ulao. Na kisu hiki hakikati hata ugali."

"Mimi sikukuletea waya, fundi. Nimekuletea mota."

"Basi nipe ya kukagua tu, mia tatu."

"Ya kukagua? Kwani umefanya nini?"

Fundi alimtazama, akatutazama sisi wa viti vya plastiki, akafuta mikono. "Haya, mzee. Nenda ukanywe kahawa, uje baada ya Alasiri. Nitaishughulikia hiyo mota."

Mzee alipoondoka, fundi alifungua kifuniko, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akatia grisi kidogo, akanoa kisu kwa tupa, akakining'iniza msumarini kuona kama kimelala sawa, akafunga. Kisha akalala.

Baada ya Alasiri mashine iliwashwa tena kwa ule waya mnene. Mzee aliisikiliza huku amefumba macho, akatikisa kichwa kwa raha, akalipa elfu moja na mia tano bila kuomba apunguziwe. Tukamsaidia kuipandisha kwenye tuktuk. Aliifunga kwa ile ekstensheni yake isianguke, akageuka, akamnyooshea fundi kidole.

"Si nilikwambia ni mota?"